Mpe Mgeni Mchezo Wako, Kisha Nyamaza

Mchezo wangu wa kwanza wa kompyuta niliutoa ukiwa mbichi. Hatua kumi na mbili zilikuwepo, muziki ulikuwepo, hata orodha ya walioshiriki ilikuwepo (jina langu peke yake, limerudiwa mara nne). Kilichokosekana ni hamu ya kuendelea kucheza. Nilikuwa nimehesabu vilivyomo, nikadhani ndio ukamilifu.

Siku hizi, kabla ya kutoa mchezo, natazama jambo moja kwanza: mtu akishindwa, anaanza tena bila kuombwa?

Mpe mchezo mtu asiyejua ulivyoujenga, kaa nyuma yake, funga mdomo. Kwangu kunyamaza ni kugumu kuliko kuandika msimbo. Vidole vinakuwasha umwonyeshe kitufe cha kuruka. Usimwonyeshe, maana siku ya kuutoa hutakuwa nyumbani kwa kila mchezaji. Andika anakwama wapi, na anaichukua simu yake saa ngapi. Akimaliza atakwambia "mzuri sana." Hiyo ni adabu tu, usiiwekee uzito.

Niliwahi kutumia mwezi mzima kuongeza maadui kwenye chumba cha tatu. Wachezaji watatu wa majaribio hawakufika huko. Mlango nilikuwa nimeupaka rangi ileile ya ukuta.

Ufupi haunitishi. Slay the Spire, mchezo wa karata, iliingia Early Access (mpango wa kuuza mchezo ungali unajengwa) ya Steam, duka la michezo la mtandaoni, Novemba 2017 ikiwa na wahusika wawili tu wa kuchagua, na toleo kamili likaja Januari 2019. Lakini kupanga karata, kupigana, kufa na kuanza upya kulikuwa na utamu tangu mwanzo. Kama kiini chako bado hakijakaa, hatua ishirini zaidi zitaongeza uchovu tu.

Hitilafu nazo hazilingani. Mkono wa mhusika ukipenya ukutani, watu watacheka na kupiga picha. Mchezo ukiganda, au ukipoteza sevu (kumbukumbu ya pale mchezaji alipofika), hawacheki. Mimi niliwahi kutoa sasisho lililofuta sevu zote, na mchezaji mmoja akaniandikia neno moja: "Basi." Ukijua utabadilisha muundo wa sevu, liseme hilo kabla hujapokea pesa ya mtu.

Tena saa ya kwanza ndiyo uipige msasa kuliko zote. Steam humrudishia mnunuzi pesa akiomba ndani ya siku 14 na akiwa amecheza chini ya saa 2, kwa hiyo mwisho wako mtamu hautamwokoa aliyechoka dakika ya arobaini.

Halafu pesa. Steam yenyewe huwashauri watengenezaji wasiingie Early Access kama hawataweza kuendelea na kazi bila mauzo ya maana. Niliposoma hilo nilikasirika kidogo, kwa sababu nilikuwa nategemea mauzo hayohayo nimalizie mchezo. Basi nikaupunguza: silaha tisa zikawa nne, visiwa vitatu kikawa kimoja. Na kwenye maelezo ya duka niliandika vilivyopo leo tu, ndoto zangu nikabaki nazo daftarini.

Mlango nao niliupaka rangi nyekundu. Mchezaji wa nne akaingia chumba cha tatu, akauawa, akaguna, akabonyeza kuanza tena kabla sijavuta kiti. Alipouawa mara ya sita nilimwomba laptopu yangu. Akasema nisubiri kidogo.