Alama ya ubora kwenye unga wa kisiagi changu ni ya nini?

Nina kisiagi kidogo hapa Kayole. Zamani wateja waliniletea mahindi yao nikawasagia tu. Tangu mwaka jana nanunua magunia Nyamakima, nakoboa, nasaga na kufunga unga kwenye mifuko ya kilo 2. Sasa naambiwa siruhusiwi kuuza bila alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Leseni ya kaunti nimelipa, cheti cha afya ninacho, na bado maafisa wanakuja kuuliza ukuta ulipakwa rangi lini, kisha wanaondoka na chai. Mahindi yangu ni meupe, hayanuki, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Hii si njia ya kutufinya sisi wadogo ili wenye viwanda wabaki peke yao? – M., Kayole

Ndugu yangu M., meupe, hayanuki, hakuna aliyelalamika. Maneno hayo niliambiwa Makueni mwaka wa 2004, karibu vilevile ulivyoyaandika.

Nilikuwa afisa wa afya ya umma, bado mgeni kazini. Mvua iliwakuta watu wakivuna, mahindi yakaingia nyumbani yakiwa na unyevu, na kwa kuogopa wezi wengi wakayarundika ndani badala ya ghalani. Kwenye boma moja nyanya alinifungulia chumba alimolala, akachota mahindi kwa viganja viwili. "Jionee mwenyewe," akaniambia, "ni mazuri." Niliyatazama, nikayanusa, nikatafuna punje moja. Nami niliyaona mazuri. Mjukuu wake alikuwa ameketi kizingitini, tumbo limejaa maji, macho manjano kabisa.

Mwaka huo walihesabiwa wagonjwa 317, wengi wao wa Makueni na Kitui, na 125 kati yao walikufa. Ini lao liliharibiwa na aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu mahindi yakikaa na unyevu. Wala haikuwa ya mahindi ya shambani peke yake. Wachunguzi walichukua sampuli madukani na sokoni, na zaidi ya nusu zilikuwa zimepita kiwango kilichoruhusiwa wakati ule, mikrogramu 20 kwa kilo.

Siku hizi kiwango ni mikrogramu 10. Chukua gunia lako la kilo 90 upige hesabu: katika gunia zima sumu isifike hata miligramu 1, yaani uzito wa punje moja au mbili za sukari. Mteja wako anaweza kukupima kwa bei, kwa weupe wa unga, kwa jinsi ugali unavyoshika sufuriani. Hilo la punje ya sukari hawezi kulipima. Wewe pia huwezi, hata uwe mwaminifu kiasi gani, nami nilishindwa nikiwa nimesomea. Ndiyo maana sheria inamtaka mtu wa tatu mwenye maabara asimame kati yenu. Na anayekula sumu kidogo kidogo kila siku hatakuja kukulalamikia, kwa sababu leo haumwi. Saratani ya ini huja baada ya miaka, na hapo hakuna atakayekumbuka unga ulitoka wapi.

Kuhusu wenye viwanda: Novemba 2019 KEBS ilisimamisha chapa 5 za unga kwa sababu ya sumu hii hii, zikiwemo zilizojulikana nchi nzima. Msumeno huu umewahi kuwakata na wao.

Lakini lalamiko lako moja ni la haki, na nalisema nikiwa nimekaa upande wa pili wa meza kwa miaka mingi. Afisa anayekuja kisiagini bila bambo, ile fimbo ya kuchoma gunia na kutoa sampuli, wala mfuko wa sampuli, hakuja kukagua unga. Rangi ya ukuta haijaua mtu Makueni. Inaniuma sana kwamba mtu amelipa kila karatasi aliyoambiwa alipe na bado hakuna aliyewahi kuchoma bambo kwenye gunia lake. Akija tena, muombe kitambulisho cha kazi, mwambie aandike alichokagua na atie sahihi. Akitaka chai, nenda Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ukiwa na tarehe na saa.

Jambo la pili ambalo hulipati kwa haki ni gharama. Kupima mzigo wa magunia 10 na kupima wa magunia 200 bei hazipishani sana, kwa hiyo mdogo ndiye anayeumia. Ningekuwa mtunga kanuni ningelianzia hapo. Kwa sasa, ungana na wenye visiagi wenzako wa mtaa, mnunue mzigo mmoja kama chama, mpime mara moja kabla haujashuka kwenye lori. Bambo lipite magunia mengi, juu, kati na chini, kwa maana kuvu haisambai sawasawa: gunia moja linaweza kuwa safi na la pembeni yake likawa ndilo lenye sumu yote.

Kabla hata ya maabara, kuna kipimo cha chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka vijiko 3 vya chumvi iliyoanikwa juani ikakauka, jaza mahindi hadi thuluthi, funga, tikisa dakika moja, uache dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15, usinunue. Mahindi ya kuweka stoo yasizidi 13.5. Lakini kumbuka chupa hii inapima unyevu tu. Mahindi yaliyoota kuvu kisha yakakaushwa yatapita, na sumu imo ndani.

Tena, kwa kuwa sasa unafunga mifuko, kanuni za 2012 zinakutaka uongeze virutubishi kwenye unga, vikiwemo vitamini A, madini ya chuma na zinki. Uliza habari hiyo siku hiyo hiyo utakayokwenda kuulizia alama, usije ukarudishwa mara mbili.

Nikichemsha githeri muda mrefu sana, sumu si itakufa? – Mama wawili, Umoja

Hapana, mama. Moto wa jikoni unaua kuvu lakini sumu iliyokwisha kutoka inabaki. Kinachosaidia ni kuchagua: ondoa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu. Kukoboa pia kunapunguza, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu iko kwenye ganda na kiini. Akina mama wa Ukambani wanaotwanga muthokoi, yaani mahindi yaliyoondolewa ganda, wanaipunguza hivyo. Kupunguza, sijasema kumaliza.

Nafuga ng'ombe 3 Ruai, nanunua pumba na jamu (kiini) ya mahindi kwenye visiagi. Hayo mambo ya KEBS yananihusu? – Mfugaji

Yanakuhusu kuliko unavyodhani. Ganda na kiini vilivyotolewa kwenye ugali wa watu ndivyo unavyonunua wewe, na ng'ombe akila sumu hiyo, sehemu yake hutoka kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Muulize mwenye kisiagi mahindi yake yamepimwa wapi. Pumba zikiwa zimeshikana mabonge au zina uvundo, zirudishe. Na mahindi uliyoona hayafai watu usimpe ng'ombe, hasa kama maziwa yake yanaenda kwa watoto.