Jibu: Nyoka wa njuga lazima apige njuga kabla ya kuuma?

Mkuu, umeuliza mawili: kama lazima apige njuga kwanza, na kama pingili za njuga iliyo mwishoni mwa mkia zinaonyesha umri wake. Yote mawili, hapana. Mimi nafanya kazi za bustani Tucson, Arizona, na huku tunayekutana naye sana ni yule mwenye madoa ya almasi mgongoni, kitaalamu Crotalus atrox.

Wa kumhofia ni yule aliyenyamaza. Tabia yake kama kifutu wa kwetu: anajikunja chini ya kichaka, rangi ya vumbi tupu, anavizia panya. Ukipita jirani anakuacha uende zako, maana akipiga njuga amejianika. Kuna siku niliinua tawi kwa reki nikamkuta ametulia tuli, mkia umelala juu ya mwili, ulimi tu ndio unaotoka na kurudi. Niliporudi nyuma ndipo akaanza. Usidhani utasikia mlio wa kengele. Ni kama mafuta ya moto yaliyodondokewa maji. Mkia unatikisika zaidi ya mara 50 kwa sekunde, njuga yenyewe huioni, unaona ukungu.

Pingili hizo zimeumbwa kwa kitu kilekile cha kucha. Kila akijivua gamba anaongeza moja, na kwa mwaka anaweza kujivua zaidi ya mara moja. Za mwishoni nazo hukatika. Sasa hapo utahesabu umri gani? Watoto wake huzaliwa hai, hatagi mayai, na wanakuja na sumu yao kabisa, ila njuga hailii mpaka wajivue gamba na kuongeza pingili.

Mkiani huyu wa almasi ana mistari myeupe na myeusi, upana karibu sawa. Myeupe ikiwa mipana kuliko myeusi, huenda ni yule wa Mojave, aina nyingine ya nyoka wa njuga, ambaye sumu yake mara nyingi hushambulia mishipa ya fahamu. Ingawa anayesogea kupima mistari ana lake jambo.

Kiangazi jua likichoma hujificha, hutoka usiku. Kwa hiyo giza likiingia, tochi na buti.

Akikuuma piga 911, namba ya dharura ya huku Marekani, vua pete na saa kabla mkono haujavimba. Usifunge kamba, usichanje, usinyonye. Dawa ya sumu iko hospitali. Na ukikuta kuna aliyemkata kichwa, kizoe kwa koleo. Kichwa kilichokatwa bado kinauma.