Ukinunua Ndege, Usiilaze

Wauzaji wa ndege ndogo wana sentensi moja wanayoipenda: "Injini hii ina saa chache sana." Niliisikia chini ya mwarobaini, pembeni mwa kiwanja kimoja cha pwani, nikaimeza bila kutafuna. Ndege yenyewe ilikuwa Cessna 172M ya mwaka 1975, rangi ya krimu yenye mstari wa hudhurungi, viti vimefunikwa shuka kuukuu visipigwe na jua. Injini ilikuwa imefanya kazi saa 640 tu tangu ifumuliwe na kuundwa upya. Kiwanda cha Lycoming kinaipa injini ya aina ile, O-320, saa 2,000 kabla ya kufumuliwa tena. Nikapiga hesabu palepale: zimebaki saa 1,360. Nikajiona mjanja.

Nilichokipita kwenye daftari la injini, ingawa kilikuwa kimeandikwa kwa wino mbele ya macho yangu, ni tarehe. Saa zile 640 zilikuwa zimetapakaa katika miaka kumi na tatu, na miaka mitatu ya mwisho ilikuwa na saa kumi na moja kwa jumla. Kiwanda kilekile kinachosema saa 2,000 kinasema pia miaka 12, kipi kitangulie. Hiyo nusu ya pili ya maneno yake muuzaji hakuitaja, nami sikuuliza.

Tulikuwa wanne: mimi, daktari wa meno, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mwalimu wa hesabu ambaye hesabu zake siku hiyo hazikutufaa. Tuliita fundi apime mgandamizo wa silinda, akatupa namba za kupendeza: 74, 76, 75, 74, kila moja kati ya 80. Tukalipa. Hakuna aliyetuambia kwamba kipimo kile kinaeleza habari za pistoni, ringi na vali, lakini kuhusu kamshafti, ule mhimili wenye nundu zinazofungua vali, hakisemi neno.

Na tatizo la injini hizi zikilala ni kamshafti. Katika O-320 kamshafti imekaa juu ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Ukizima injini, oili yote inateremka kwenye sampu, bakuli la chini ya injini, na kile chuma cha juu kinabaki na utando mwembamba tu. Ukiruka kila wiki, utando haupati nafasi ya kukauka. Ukiiacha ndege miezi karibu na bahari, unyevu na chumvi vinafanya kazi yao kimyakimya, kutu inaweka vidoa vidogo juu ya nundu za kamshafti. Siku unayowasha injini kwa furaha, vile vidoa vinamenyuka, na chuma kinaanza kula chuma.

Yetu ilitupa miezi minane ya raha. Kisha tukaipeleka ukaguzi wa saa 50 kwa mzee mmoja pale Wilson, kiwanja cha ndege ndogo cha Nairobi, ambaye kila mtu humwita Fundi tu, ingawa leseni zake zinatosha kupamba ukuta. Alifungua filta ya oili, akaikata gamba kama mtu anayefungua kopo la nyanya, akakunjua ile karatasi ya ndani yenye mikunjo na kuisuuza kwenye beseni la petroli. Akapitisha sumaku ndani ya beseni. Ilipotoka ilikuwa na manyoya ya kijivu, membamba, yamesimama wima.

"Kijana, unaona nini?"

"Kama nywele, mzee."

"Ni nywele za injini yako. Endeleeni kuruka, itaota upara."

Silinda moja ilipochomolewa, akaniita nichungulie kwa tochi. Nundu mbili za kamshafti zilikuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyepona ndui. Injini ikashuka, ikafumuliwa yote, vipuri vikangojwa kutoka Marekani, na sisi wanne tukakaa chini miezi saba tukilipia bima na maegesho ya ndege isiyo na pua. Daktari wa meno aliuza kiwanja.

Basi ukiitazama ndege ya kununua, soma tarehe kabla ya saa. Injini ya saa 1,500 iliyoruka kila wiki mikononi mwa chuo cha urubani mimi naiona bora kuliko ya saa 600 iliyolala. Tafuta fundi mwenye leseni ambaye hajawahi kuihudumia ndege hiyo, umlipe wewe mwenyewe, na kama ndege imelala mwaka au zaidi mwambie achomoe silinda moja atazame kamshafti kwa macho. Muuzaji atanuna. Mwache anune.

Ukishainunua, irushe. Sisemi uiwashe, nasema uirushe. Kuna wenye ndege wanaokuja kila Jumamosi, wanawasha injini dakika kumi huku wanapiga soga, wanazima, wanakwenda kula nyama choma wakidhani wameihurumia. Wameidhuru. Petroli ikiungua ndani ya injini inatengeneza maji, na oili isipopata joto la kutosha maji yale hayatoki, yanabaki ndani yakigeuka tindikali. Inataka walau nusu saa hewani, sindano ya joto la oili ifike nyuzi 80 hivi na ikae hapo. Wala usiizungushe propela kwa mkono kila ukipita ukidhani unaipaka mafuta. Unakwangua hata ule utando uliobaki. Oili ibadilishwe kila saa 50 au kila miezi minne, hata kama umeruka saa tatu tu. Na filta ikatwe mbele yako. Mimi beseni siku hizi nalishika mwenyewe.

Kulala hakuharibu injini peke yake. Tulipokwenda Lamu tuliiacha ndege siku tatu kiwanjani Manda, tukavuka kwa boti. Tuliporudi nikazunguka ndege, nikatoa petroli chini ya kila bawa kwenye kikombe cha kioo kuangalia kama kuna maji (maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini kama shanga), nikaona rangi ya buluu safi. Nikaridhika. Tunakimbia kwenye lami, namtazama mwenzangu, anatazama saa ya kasi: sindano imelala kwenye sifuri. Nikavuta gesi, nikapiga breki, tukasimama na lami ikiwa bado ndefu mbele yetu. Chini ya bawa la kushoto kuna kimrija kinachopokea upepo na kuipa saa ya kasi habari zake. Nyigu wa udongo alikuwa amejenga humo, akasakafia vizuri kabisa. Siku tatu tu! Tangu hapo kifuniko cha turubai chenye utepe mwekundu mrefu hakikosekani kwenye mfuko wa kiti changu, na hata nikisimama kula mchana nakivisha kile kimrija. Tundu la kupumulia tangi la petroli nalo nalichungulia, maana nyigu huyo halipuuzi.

Kuhusu kuruka kwenyewe nina neno kwa waliojifunzia usawa wa bahari, kama mimi nilivyojifunzia Malindi. Wilson iko futi 5,500 na kidogo juu. Mchana wa nyuzi 25 hewa ya pale ni nyepesi kama ya futi 8,000, na nguvu za farasi 150 zilizoandikwa kwenye kitabu zinabaki kama 110. Mara ya kwanza nilisukuma kitufe chekundu, kile kinachopanga kiasi cha petroli inayochanganywa na hewa, hadi mwisho kama nilivyofunzwa pwani, injini ikakohoa na kutambaa. Kitabu cha ndege kinasema wazi: kiwanja kikizidi futi 3,000, simamisha ndege, fungua gesi yote, kisha vuta kitufe chekundu polepole mpaka mizunguko ifike juu kabisa, ndipo uondoke. Na uondoke asubuhi.

Viti vinne navyo visikudanganye. Ndege yetu ikijaa petroli, inabakiwa na uwezo wa kama kilo 260 za watu na mizigo. Shangazi yangu alikuja Malindi kunisindikiza na kikapu cha maembe, binamu wawili na mkungu wa ndizi. Nilitoa mizani ya bafuni, nikaiweka juu ya sakafu mbele ya watu. Shangazi alisusa kuipanda, akasema hajawahi kupimwa kama gunia la kopra. Maembe yalikuja kwa basi.

Fedha ndizo zinazowalaza wengi ndege, kwa hiyo nizitaje. Watu huogopa petroli, ambayo kwa 172 ni lita 30 na ushei kwa saa. Petroli ni mzigo mwaminifu: usiporuka huilipi. Bima, maegesho, ukaguzi wa mwaka na cheti cha ndege kufaa kuruka vinakudai hata ukiwa kitandani. Chukua mfano mwepesi, gharama hizo ziwe shilingi 600,000 kwa mwaka. Ukiruka saa 20, kila saa imekula 30,000 kabla hujatia tone. Ukiruka saa 100, ni 6,000. Kwa hiyo mwenye ndege asiyefikisha saa 50 kwa mwaka namshauri akodi ya klabu, au atafute wabia. Wabia waandikishane mbele ya wakili: nani analipa tairi likipasuka mikononi mwake, mtu akitaka kutoka hisa yake inauzwa vipi, na mfuko wa injini unawekwa kiasi gani kwa kila saa ya kuruka. Sisi tuliandikishana baada ya injini kufumuliwa, tukiwa tumeshanuniana.

Kipengele ninachokipenda kwenye mkataba wetu aliking'ang'ania mwalimu wa hesabu. Kila wiki mmoja wetu yuko zamu, na ndege ikipitisha siku kumi bila kwenda hewani, mwenye zamu analipa maegesho ya mwezi mzima peke yake. Hatuhitaji safari ya maana. Kutoka Wilson, unapita pembeni mwa Ngong, unateremka Bonde la Ufa mpaka uione Magadi ikiwa ya waridi chini yako, unageuza. Kwenda na kurudi ni saa moja na kidogo, oili imeiva barabara.

Jumamosi hii zamu ni ya daktari wa meno. Jana usiku ametutumia ujumbe kwamba ana harusi. Mwalimu amemjibu kwamba harusi inaanza saa nane mchana, na jua linatoka saa kumi na mbili na nusu.