Donge la babewatoto na mbegu zilizomo ndani yake

SWALI: Assalam aleikum mtaalamu. Mimi mkulima wa karafuu, niko Konde, Pemba. Banda ninamoweka majamvi ya kuanikia karafuu limehamiwa na babewatoto, aina ya bundi. Chini ya kombamoyo analolalia huanguka madonge ya manyoya na mifupa ya panya. Nilipasua moja nikakuta ndani yake vimbegu vigumu vya manjano. Halafu nje, chini ya mti anaotua wakati wa magharibi, imeota mipera mitatu isiyopandwa na mtu. Bundi hali matunda. Je, anaweza kuwa ndiye aliyeipanda? Majirani wananiambia nimfukuze, eti ni uchuro.

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Ndiyo, anaweza. Kama mbegu zilizomo katika madonge yake huota kweli, hilo ni la kupimwa, na nitakueleza namna ya kulipima hapo hapo bandani kwako.

Tuanze na donge lenyewe. Si kinyesi, ni matapishi. Bundi humeza panya mzima, au vipande vikubwa. Tumbo lake huyeyusha nyama, na kinachobaki, yaani manyoya, mifupa na meno, hufinyangwa kuwa donge likarudi juu kwa njia ya mdomo. Mwewe na kipanga nao hutapika hivyo hivyo, lakini tindikali ya matumbo yao ni kali zaidi na huila hata mifupa. Ndiyo maana kwenye donge la bundi unakuta fuvu la panya zima na meno yake, na kwenye la kipanga mara nyingi hukuti mfupa wa maana. Sasa, kama panya alikuwa ametoka kula pera, mbegu zilizokuwa tumboni mwake hufuata njia ile ile ya manyoya.

Jambo hili limejulikana zamani. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi, alieleza majaribio ya mbegu zilizopita katika matumbo ya ndege wala nyama. Ngano, uwele na nyinginezo ziliota baada ya kukaa humo saa 12 hadi 21. Mbegu mbili za kiazisukari ziliota baada ya siku mbili na saa 14.

Hata hivyo panya si mchukuzi mzuri wa mbegu, kwa sababu anatafuna. Mbegu kubwa ikipita kwenye meno yake imekwisha. Zinazonusurika ni zile ndogo na ngumu, za mpera au za mkuyu, zinazoteleza baina ya meno. Kwa maelezo yako, vimbegu ulivyoviona vinafanana sana na vya pera.

Mpandaji wa kweli utamwona akikamata ndege. Hapa ndipo ninapotaka uelewe vizuri, kwa sababu watu wengi hudhani kipanga anayekamata njiwa anaua mbegu pamoja na njiwa. Mara nyingi ni kinyume chake. Tetere, aina ya njiwa, akila mtama, punje haziendi moja kwa moja kwenye firigisi. Kwanza hukaa katika mfuko ulio chini ya shingo, na mfuko ule hausagi kitu, unahifadhi tu. Firigisi ndiyo kinu. Ina misuli minene na changarawe alizozimeza mwenyewe, na punje ikifika humo inakuwa unga. Kwa hiyo mbegu iliyoliwa na tetere ina muda mfupi wa kuishi, baina ya mfuko na kinu. Kipanga akimkamata tetere ndani ya muda huo, mbegu imeokoka.

Nililiona hili Makunduchi, wakati wa mavuno ya mtama. Kipanga alikuwa amemshusha tetere juu ya mawe, akawa anamnyonyoa. Aliponiona akaruka, akaacha kazi nusu. Manyoya yalikuwa yametandazwa kama duara, na mfuko wa shingoni umechanwa. Punje zilikuwa zimemwagika juu ya jiwe, nzima, zimelowa kidogo tu, huku tetere mwenyewe bado ana moto. Nilizitia mfukoni nikaenda kuzipanda kwenye kopo. Nyingi ziliota. Lau kipanga angechelewa zikafika kwenye firigisi, nisingepanda kitu.

Faida ya pili ni umbali. Tetere hula, akaruka, akatua karibu. Mwindaji humbeba mpaka mahali pake pa kulia, na mahali hapo huwa pengine msituni, pengine uwandani ambako tetere asingetua kwa hiari. Na baadhi ya wawindaji huwinda juu ya bahari yenyewe. Katika visiwa vya Canary kuna kozi wanaonasa ndege wadogo wahamaji wakiwa katikati ya safari ya maji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulichunguza ndege hao walionaswa, na takriban mmoja katika kila mia alikutwa na mbegu tumboni. Ni kidogo, lakini wahamaji ni mamilioni, na kisiwa kinahitaji mbegu moja tu iliyofika salama ili kipate mmea mpya. Sisi wa Pemba tuna mkondo wa kina kirefu, kilomita zipatazo 50, baina yetu na bara. Kozi wa aina hiyo hiyo huenda Bukini, yaani Madagaska, kila mwaka kupitisha majira ya baridi ya Ulaya.

Nisikudanganye kuhusu wingi, ndugu yangu. Anayeupanda msitu wa Ngezi si bundi wala kipanga. Popo wa Pemba, yule mkubwa mla matunda, pamoja na ndege wala matunda, wanafanya kazi hiyo usiku na mchana. Mla nyama huongeza juu yake, kwa mbegu chache zinazofika mbali au zinazookolewa kwenye kinu.

Yupo mmoja wa jamii ya tumbusi, na huku kwetu Pemba yupo, anayekula tunda mwenyewe bila kungoja mtu wa kati. Ni ndege mweupe mwenye weusi mbawani na ngozi nyekundu usoni. Zaidi ya nusu ya chakula chake ni chikichi. Hulichukua tunda, akalishika kwa mguu juu ya tawi, akachuna nyama ya mafuta, na kokwa huanguka chini bila kuvunjwa. Ukiona kokwa zilizochunwa zimerundikana chini ya mti usio mchikichi, tazama juu.

Uchuro ni imani ya watu na sitagombana na majirani zako, ila babewatoto huyo anakula panya wanaotoboa magunia yako. Ninachokuomba usiweke dawa ya panya humo bandani. Panya aliyekula sumu hulegea, na bundi hukamata aliyelegea kwanza.

Sasa kipimo. Chini ya mti ule hutua pia shorewanda, na usiku popo, na wote hula mapera. Kwa hiyo mipera iliyokwisha kuota haiwezi kukwambia nani kaileta. Chukua madonge kumi mapya kutoka ndani ya banda, ambako shorewanda haingii. Vaa glovu, kwani matumbo ya panya yana maradhi, na usitumie chujio la jikoni. Loweka kila donge katika maji ya vuguvugu kwa nusu saa, lifungue taratibu kwa sindano, utoe mbegu. Udongo ukaange kwanza juu ya bati mpaka uive, ili mbegu zilizokuwamo zife. Jaza makopo mawili, moja utie mbegu za donge, la pili usitie kitu, yakae pamoja na yanyweshwe sawa. Kikiota kitu kwenye kopo tupu, udongo haukuiva, anza upya. Andika tarehe ubavuni mwa kopo. Mpera hauna haraka, kwa hiyo usimwage udongo kabla ya miezi miwili.