Kaneloni ngumu juu, majimaji chini: kosa liko wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilinunua pakiti ya kaneloni kavu, ile mirija minene ya pasta, ya gramu 250, nikazijaza spinachi na jibini, nikazimwagia sosi nyeupe na kuziweka kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa nusu saa, bila kufunika. Za juu zimetoka ngumu, ncha zinavunjika kama biskuti, na chini ya trei kumejaa maji ya kijani. Sosi ilikuwa nzito vizuri tu. Je, nilitakiwa kuzichemsha kwanza? Na nyingine zilipasuka nilipokuwa nikizijaza kwa kijiko. Nifanyeje? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo uliposema sosi ilikuwa nzito ndipo kosa la kwanza lilipo. La pili limo ndani ya spinachi. Maji ya kuivisha kaneloni zako ulikuwa nayo, ila yalikuwa mahali pasipo pake.

Pasta kavu ikiiva barabara, uzito wake huzidi mara mbili ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo gramu 250 zako zilihitaji kunywa zaidi ya robo lita, na ndani ya oveni hakuna pa kunywa isipokuwa kwenye sosi. Sosi nzito haiachii maji yake kwa urahisi. Halafu moto wa nyuzi 200 bila kifuniko unayakausha hayo machache kabla pasta haijayapata. Ncha zilizochomoza juu ya sosi hazikuiva hata kidogo, zilikaushwa tu.

Basi pima hivi: siagi gramu 50, unga wa ngano gramu 50, maziwa lita moja nzima. Yeyusha siagi, tia unga, koroga dakika mbili mpaka harufu ya unga mbichi iishe, kisha mimina maziwa kidogo kidogo huku unakoroga. Tia chumvi na kungumanga ya kukuna. Ukiinua mwiko, sosi iufunike mgongo kama uji mwepesi wa mtoto. Utaiona nyepesi mno na utatamani kuongeza unga. Usiongeze. Chini ya trei tandaza nusu lita ya sosi ya nyanya, nayo iwe nyepesi.

Sasa spinachi. Majani haya ni maji matupu, na jibini laini nayo ina maji yake. Vikipata moto vyote viwili vinayatema, na hicho ndicho kidimbwi cha kijani ulichokiona. Pika spinachi kwa chumvi mpaka zinywee, ziache zipoe, zifunge kwenye kitambaa safi na uzikamue kwa mikono miwili kama unavyokamua tui. Ukidhani umemaliza, kamua tena. Kwenye nusu kilo ya majani mimi hupata karibu glasi nzima. Ndipo uzikatekate.

Kama hukupata rikota, yaani jibini laini ya kujazia, dukani, chemsha lita mbili za maziwa yasiyotolewa mafuta mpaka yakaribie kufoka, epua, tia vijiko vinne vya chakula vya siki au ndimu, uyaache dakika kumi yagande, kisha yachuje kwa kitambaa saa nzima. Rikota ya Italia hutengenezwa kwa maji yanayobaki baada ya kutoa jibini, yakapashwa upya, na jina lenyewe lina maana ya "iliyopikwa tena". Hii yetu ya maziwa matupu si ileile, lakini kwa kujazia inafaa sana. Changanya na spinachi, yai moja, na jibini ngumu ya kukuna kiganja kimoja. Yai ndilo linaloshika mjazo usimwagike unapokata.

Kuhusu kuchemsha: soma pakiti. Nyingi siku hizi zimetengenezwa ziingie oveni zikiwa kavu, na hizo usizichemshe. Zikilainika zinateleza mkononi na kuchanika. Kijiko kiache pia. Tia mjazo uliopoa kwenye mfuko safi wa plastiki, kata kona upana wa kidole gumba, ukamulie mrija nusu kutoka upande huu, kisha geuza umalizie upande wa pili. Ukijaza kutoka upande mmoja tu, katikati hubaki pengo la hewa.

Zipange safu moja, zikiachana kidogo kwa sababu zitavimba. Mwagia sosi nyeupe mpaka usione pasta popote, na ncha uzikague moja moja. Funika kwa foili, oka nyuzi 180 kwa dakika 30, funua, nyunyiza jibini, rudisha dakika 15 zipate rangi. Chomeka kisu katikati: kikipita bila kukwama, zimeiva. Ukishaepua, subiri robo saa. Najua njaa inauma na harufu imejaa nyumba, lakini ukizipakua zikitokota, mjazo wote utabaki kwenye trei.

Huna oveni? Sufuria nzito yenye mfuniko inatosha, makaa machache chini, na mfuniko unafanya kazi ya foili. Dakika kumi za mwisho ndipo upalie makaa juu, kama unavyooka keki.

Mjazo wa nyama nao ni mzuri. Huko Catalonia, Hispania, kaneloni huliwa tarehe 26 Desemba, siku ya Mtakatifu Stefano, na kwa desturi hujazwa nyama iliyobaki ya Krismasi, ikiwa imesagwa. Nyama ya kuoka iliyolala haina maji mengi, kwa hiyo ilainishe kwa vijiko viwili vitatu vya sosi nyeupe.

Na zikibaki, kesho yake zitakuwa zimeinywa sosi yote. Kabla ya kupasha, mimina robo kikombe cha maziwa pembeni mwa trei, ufunike tena.