Makaratasi ya shule, kura ya kodi na fomu ya chakula: wasomaji wanauliza

Mwezi huu barua karibu zote zimetoka kwa wazazi walioko Marekani, hasa ndugu zetu wa Kongo waliokaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka na miaka kabla ya kupata safari, na wengi hawako miji mikubwa bali vimiji vidogo ambako shule ndo kila kitu, mpira ni shule, sherehe ni shule, hata habari za theluji zinatoka shuleni. Kwa mlioko Bongo na Nairobi niwaeleze kidogo, school district ya kule sio wilaya hii yetu yenye mkuu wa wilaya, ni mamlaka ya shule inayojitegemea, ina bodi iliyochaguliwa na wananchi, ina bajeti yake na mabasi yake. Nchi nzima zipo kama 13,000 na nyingi ni ndogo kabisa, shule ya msingi moja, ya kati moja, high school moja basi. Humu nitaiita wilaya ya shule.

SWALI: Dada habari, mimi ni mama wa watoto wanne tupo Iowa, baba yao anafanya zamu ya usiku kiwanda cha nyama. Shule inatuma meseji na makaratasi kila wiki yote Kiingereza, binti yangu wa miaka 11 ndo anatusomea. Majuzi shule ilifungwa sababu ya theluji sisi hatuna habari, watoto wamesimama kituo cha basi kwenye baridi kali mpaka jirani akaja kutuambia. Alafu kwenye kikao na mwalimu, huyo huyo binti ndo alitafsiri habari za kaka yake. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana mama, na pole kwa watoto. Nianze na hilo la binti maana ndo limeniuma zaidi. Mtoto wa miaka 11 hatakiwi kuwa mkalimani wa wazazi wake shuleni, hata kama Kiingereza chake kinateleza kama maji. Anabeba mzigo sio wake, anasikia siri za kaka yake, na akiona neno litakaloleta kesi nyumbani atalipunguza au ataliruka, na hapo simlaumu hata kidogo, ni mtoto. Nyie mnatoka kwenye kikao mnadhani mambo shwari kumbe mwalimu alikuwa anaomba msaada.

Haki yenu hii hapa. Sheria ya Haki za Raia ya 1964 inakataza shule yoyote inayopokea hela ya serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na mwaka 1974 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya wanafunzi Wachina wa San Francisco (Lau v. Nichols), ikaonyesha kwamba kumwacha mtu gizani kwa sababu ya lugha kunaingia humo humo. Kwa hiyo habari muhimu za mtoto wako, maendeleo, nidhamu, afya, vikao, wanatakiwa wahakikishe umezielewa, na mkalimani hulipi wewe. Najua watu wengi wameogopa tangu ile amri ya rais ya Machi 2025 iliyofanya Kiingereza lugha rasmi, nimeulizwa sana hili. Sikiliza mama, sheria ya 1964 ilipitishwa na Bunge na amri ya rais haiwezi kuifuta. Usiogope kuomba.

Unaombaje sasa. Nenda ofisi ya mbele ya shule, kwa yule karani anayepokea wageni, mwambie "Swahili interpreter, please", inatosha. Muulize pia kwenye faili za watoto imeandikwa lugha gani ya nyumbani, maana siku ya kuandikisha mtoto kuna fomu fupi inauliza mnaongea lugha gani, na wengine waliijaza haraka haraka wakaandika Kiingereza wakidhani ndo mtoto atapokelewa vizuri. Ikiwa hivyo kompyuta yao inajua hamna shida na Kiingereza, ndo maana kila kitu kinakuja hivyo. Waombe wabadilishe. Na hili nalo liangalieni sana nyie mliotoka Kongo, shule ikiona neno Kongo inakimbilia kuita mkalimani wa Kifaransa, na wazee wetu wa Fizi na Uvira wengi Kifaransa hawakijui au walikisahau zamani, wanabaki wanatikisa kichwa tu. Kama lugha yenu hasa ni Kibembe au Kifuliiru sema, ila kama Kiswahili mnaelewana nacho vizuri chukueni Kiswahili kwa sababu mkalimani wa simu anapatikana haraka zaidi. Kikao cha mwalimu huwa kifupi, dakika 15 hivi, na ukalimani unakula nusu, kwa hiyo omba mapema wakuongezee muda.

Kwa meseji, uliza wilaya yenu inatumia apu gani. ParentSquare na TalkingPoints zinatafsiri na Kiswahili kimo, wewe unachagua lugha mara moja kwenye simu basi. Tafsiri ya mashine wakati mwingine inachekesha lakini "hakuna shule kesho" utaielewa. Tatizo ni yale matangazo wanayopiga picha wakayaweka humo, mara nyingi hayo hayatafsiriwi, ukiona picha yenye maandishi mengi mtumie karani umuulize ni nini. Hakikisha namba yenu ya simu ni ya sasa! Wengi mnabadilisha laini na shule haina habari, wanapiga ile simu ya kurekodi saa kumi na moja alfajiri kutangaza theluji inaenda kwa namba iliyokufa. Mpe karani namba ya baba pia, huyo si yuko macho usiku.

Kama wakikataa au wakizungusha, panda kwa mkuu wa wilaya ya shule, kwenye wilaya ndogo huyo mtu anapatikana kirahisi, pengine mnakutana naye dukani. Baada ya hapo kuna idara ya elimu ya jimbo. Ofisi ya haki za raia ya wizara ya elimu huko Washington ipo na inapokea malalamiko lakini ofisi zake 7 kati ya 12 za kanda zilifungwa Machi 2025 kwa hiyo usiweke matumaini yote huko, pigania hapo hapo mjini.

SWALI: Sisi tupo Ohio, tuna green card, huu mwaka wa tatu toka tufike. Mji mzima umejaa mabango ya kura ya kodi ya shule, wengine wanasema ndio wengine hapana, shule inasema ikishindwa watapunguza mabasi. Nimepanga nyumba, sina shamba wala kiwanja. Inanihusu? Na jamaa yangu kaniambia nijiandikishe tu nikapige kura maana hakuna anayekagua.

JIBU: Kaka, kabla ya yote, USIPIGE KURA na usijiandikishe. Mwenye green card ana kibali cha kuishi kudumu tu, sio raia, na kupiga kura au kudai kwenye fomu kwamba wewe ni raia kunaweza kukunyima uraia moja kwa moja na hata kukurudisha ulikotoka. Hata ukiwa ofisi ya leseni ya gari wakakuuliza unataka kujiandikisha kupiga kura, jibu ni hapana. Huyo jamaa pengine ana nia njema lakini anakupeleka shimoni.

Sasa inakuhusu? Sana. Ohio shule zinategemea mno kodi ya nyumba na ardhi ya pale pale, mpaka Mahakama ya Juu ya jimbo mwaka 1997 ikasema mfumo huo unakiuka katiba ya jimbo, kesi maarufu inaitwa DeRolph, na hadi leo bado wilaya zinaenda kwa wananchi kuomba wapige kura ya kukubali kodi ya shule. Hesabu yake inaitwa mill. Nyumba ya dola 100,000 inahesabiwa kwa asilimia 35, yaani 35,000, na mill moja ni dola 1 kwa kila 1,000, kwa hiyo mill moja ni dola 35 kwa mwaka. Wakiomba mill 5 ni dola 175. Mwenye nyumba wako atailipa yeye lakini hiyo hela ataitafuta kwenye kodi yako ya pango, na mwenye nyumba mstaafu mwenye pensheni ndogo kweli anaumia, tusiwaone wote wenye bango la hapana ni maadui wa watoto.

Lile la mabasi sio vitisho vya bure. Sheria ya Ohio inailazimisha wilaya kumsafirisha mtoto wa chekechea mpaka darasa la 8 anayeishi zaidi ya maili 2 kutoka shuleni. Wa high school sio lazima. Wilaya ikikosa hela inarudi kwenye kiwango hicho cha chini, na anayeumia ni mzazi mwenye gari moja na zamu mbili, yaani sisi. Baada ya basi inafuata ada ya michezo, mtoto acheze mpira ulipie.

Kura huna, lakini mdomo unao. Mikutano ya bodi ni ya wazi, kwa kawaida mara moja kwa mwezi jioni, wajumbe wa bodi Ohio wengi wao ni 5 na wanachaguliwa kwa miaka 4, na bodi nyingi zinatenga muda wa wananchi kuongea, mara nyingi dakika 3 kila mtu. Hakuna anayekuuliza uraia. Unaandika jina kwenye karatasi mlangoni au unajiandikisha siku moja kabla, wapigie uulize wenu wanafanyaje. Nendeni wazazi wanne watano pamoja, mmoja aongee, akisema "watoto wetu 20 wanapanda basi namba fulani na wazazi wao wako kazini saa kumi na mbili asubuhi" hiyo ina uzito kuliko hotuba. Nimekaa kwenye vikao hivi natafsiri na nawaambia wajumbe wanasikiliza, kwenye mji mdogo wanawajua watoto wenu kwa majina.

Na anza kuhesabu miaka yako ya uraia. Kama uliingia kama mkimbizi, green card yako inarudishwa nyuma hadi siku uliyofika, kwa hiyo ile miaka 5 inahesabiwa toka airport. Ukiupata, watoto walio chini ya miaka 18 wenye green card wanaoishi na wewe wanakuwa raia pamoja nawe.

SWALI: Shule imeleta fomu ya chakula inauliza mshahara na social security. Mume wangu anasema tusijaze, wataturipoti. (Mama, Kentucky)

JIBU: Uliza kwanza kama shule yenu inalisha wote bure, maana maeneo yenye kipato kidogo yanaruhusiwa kufanya hivyo bila fomu za chakula, na Kentucky shule nyingi ziko hivyo. Kama sio, jaza mama, hiyo fomu ndo inaamua mtoto ale bure au kwa bei ya punguzo. Fomu haiulizi hali yako ya uhamiaji, inataka tarakimu 4 za mwisho tu za social security (ile namba ya utambulisho ya serikali) ya mtu mzima mmoja, na kama hana kuna kisanduku cha kuweka alama. Mkiangukia bei ya punguzo, chakula cha mchana hakizidi senti 40. Inajazwa kila mwaka, na hapa ndo wengi mnaanguka, ya mwaka jana inafanya kazi siku 30 za mwanzo za shule tu, baada ya hapo deni linaanza kuhesabika na mtoto ndo anapewa vikaratasi vya deni kwenye foleni.

SWALI: Kila wiki kuna tangazo jipya, siku ya picha, maonyesho ya vitabu, wiki ya kuvaa pajama. Ni lazima kulipia vyote?

JIBU: Hapana. Mtoto atapigwa picha hata kama hununui, vitabu ni hiari, pajama vaeni za nyumbani. Ila safari ya darasa inataka saini yako, bila hiyo mtoto anabaki shuleni, na kama kuna hela usiyokuwa nayo mwandikie mwalimu, mara nyingi wana njia ya kusaidia.

SWALI: Wanataka nisaini mtoto wangu apimwe kwa ajili ya special education (elimu maalum). Naogopa watasema ni mgonjwa wa akili.

JIBU: Hawawezi kumpima mara ya kwanza bila saini yako kwa hiyo una muda wa kuuliza. Muulize mwalimu ameona nini hasa, na kama wanauhakika sio Kiingereza tu kinamsumbua, maana mtoto aliyefika mwaka jana anaweza kukaa kimya darasani miezi bila ugonjwa wowote. Kupimwa ni bure, na wanatakiwa wampime kwa lugha anayoimudu. Lakini usiikatae kwa woga, kuna watoto wetu wenye shida ya kusikia au kuona iliyokaa miaka kambini hakuna aliyeigundua, na hapo ndo walipopata vifaa. Omba kikao na mkalimani, chukua karatasi nyumbani, mwoneshe baba yake, saini ukiwa umeelewa.