Maswali ya umeme: mdomo haununui LUKU

*Mimi ni mama wa Makorora, hapa Tanga. Alikuja kijana na karatasi, akaniuliza niko tayari kuongeza kiasi gani kwa mwezi ili tupate umeme wa jua na upepo. Nikamjibu elfu kumi. Sasa nitakatwa?*

Shikamoo mama. Hukatwi, ule ni utafiti tu. Ila lete risiti yako ya LUKU tuisome. Kama uko D1, ile bei ya wanaotumia umeme kidogo, uniti moja ni shilingi 100. Weka VAT asilimia 18, REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, inafika 122. Uniti zako 75 za mwezi mzima ni 9,150, kodi ya jengo kando. Umemwahidi mgeni nyongeza inayozidi bili yenyewe!

Sikulaumu. Mgeni kakaa kibarazani, kavua viatu, anauliza kwa adabu. Nani atamwambia hapana? Hata Marekani, ambako mipango ya mteja kulipa zaidi kwa hiari apate umeme wa jua na upepo ipo tangu miaka ya 1990, wanaosema ndiyo kwenye dodoso ni wengi, wanaojiandikisha ni wachache mno. Swali hili aulizwe mtu akiwa na simu mkononi, kidole kiko kwenye namba ya siri. Hapo ndipo mtafiti angepata jibu. Na ile asilimia 3 ya REA, mama, ni nyongeza unayoilipa tayari ili kijijini nako kuwake. Wakitaka kuongeza tena, waanze na wenye AC tatu nyumba moja.

*Nikilipa zaidi, nitaletewa umeme wa jua peke yake? Raskazone.*

Hapana, na nimelijibu hili mpaka nimechoka. Gridi ni simtanki: ya mvua, ya kisima, ya bomba, yote humo humo, nawe una koki moja. Ujerumani mteja wa umeme wa kijani anatumia nyaya zile zile za jirani yake. Hela yake ndiyo inayokwenda kwa mwenye mitambo ya upepo. Akija mtu mlangoni kukuuzia "laini ya jua", huyo kishoka. Funga mlango.

*Kwani Tanga tuna umeme jadidifu, huu wa maji, jua na upepo usiokwisha? Kijana, Ngamiani.*

Kamsalimie mwalimu wako wa jiografia. Hale, megawati 21, tangu 1964. Pangani Falls mpya, megawati 68, tangu 1995. Yote maji ya mto Pangani, na pale pale Hale mabaki ya mkonge yameshawahi kuzalisha umeme wa gesi. Huu hukuombwa nyongeza. Ila mto ukikauka mitambo inalala, kwa hiyo anayekata miti Usambara anakuzimia taa wewe.

*Nimepata sola ya bei poa, fundi anasema betri ya gari inatosha.*

Haitoshi. Betri ya gari kazi yake ni kupiga stata. Ukiikamua kila usiku mpaka chini, utarudi kwa fundi huyo huyo kabla ya Ramadhani.